Saini kwenye mpira wa besiboli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutofautisha halisi na ya kughushi

Ukurasa huu ni wa mtu aliyenunua, aliyerithi au aliyepewa mpira, gongo, jezi au picha yenye saini ya mchezaji wa besiboli ya Marekani, na anataka kujua kama saini hiyo ni ya kweli. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Nikipewa mpira wenye saini, nianze kuangalia nini?

Anza na mpira, kisha kalamu iliyotumika, kisha mwandiko, kisha historia ya mpira huo umetoka kwa nani hadi kwa nani. Cheti kiwe cha mwisho. Watu wengi hufanya kinyume: wanasoma cheti kwanza, na wakisharidhika nacho hawaoni tena kilicho mbele ya macho yao.

Mpangilio huu una sababu. Hatua mbili za kwanza hazihitaji ujuzi wa mwandiko, zinachukua dakika chache, na saini nyingi za kughushi huangukia hapo hapo. Hakuna haja ya kubishana kuhusu umbo la herufi wakati mpira wenyewe ulitengenezwa baada ya mchezaji kuzikwa.

2. Ni kweli kwamba saini nyingi sokoni ni feki?

Kwa majina makubwa, ndiyo, na hili halikutoka kwenye uvumi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ofisi ya San Diego ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliendesha uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen, na watu wa biashara hiyo waliohojiwa walikadiria kuwa nusu au zaidi ya saini zinazotafutwa sana zilikuwa za kughushi. Tony Gwynn, nyota wa San Diego Padres, alikuta duka la timu yake mwenyewe likiuza vitu vyenye saini yake ambayo hakuiweka yeye. Katika vitu vilivyokamatwa kulikuwa hata na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa.

Majina yanayoghushiwa zaidi ni yale yenye bei na mahitaji: Babe Ruth, Lou Gehrig, Mickey Mantle, Joe DiMaggio, Ted Williams, Roberto Clemente. Mchezaji wa kawaida aliyecheza misimu michache haghushiwi sana kwa sababu hakuna faida. Usimwamini kupita kiasi, lakini huna sababu ya kumtilia shaka kama unavyomtilia Ruth.

3. Kina cheti cha uhalisi. Je, hicho hakitoshi?

Hakitoshi. Cheti ni karatasi, na mtu yeyote mwenye printa anaweza kuichapa. Kundi lililonaswa na Operation Bullpen lilikuwa na vyeti vingi vizuri vyenye mihuri. Cheti kina thamani ya jina la aliyekitoa tu: je, anajulikana, anaweza kupatikana leo, na namba ya cheti inapatikana kwenye kumbukumbu zake zilizo wazi kwa umma?

Cheti kilichotolewa na muuzaji huyo huyo anayekuuzia hakithibitishi lolote. Ni ahadi ya kurudisha pesa tu, kama ataitimiza. Kampuni zinazokubalika zimetajwa kwenye swali la 13.

4. Kuna tofauti gani kati ya saini iliyoshuhudiwa na iliyohakikiwa?

Iliyoshuhudiwa ina maana kuna mtu aliyesimama pale mchezaji akisaini, akabandika stika yenye namba papo hapo. Iliyohakikiwa ina maana mtaalamu aliitazama baadaye, labda baada ya miaka 60, akatoa maoni yake. Maoni ya mtaalamu mzuri yana uzito mkubwa, lakini yanabaki maoni. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya mipira miwili ya mchezaji aliye hai, chukua ulioshuhudiwa.

## Mpira wenyewe

5. Nitajuaje mpira ulitengenezwa lini?

Soma maandishi yaliyochapwa juu yake. Besiboli ya ligi kuu Marekani ina ligi mbili, American na National. Kwa karibu karne nzima mipira rasmi ilibeba jina la rais wa ligi yake, na kila rais alikuwa na kipindi chake.

Ligi ya American: Will Harridge 1931–1959, Joe Cronin 1959–1973, Lee MacPhail 1974–1983, Bobby Brown 1984–1994, Gene Budig 1994–1999.

Ligi ya National: John Heydler 1918–1934, Ford Frick 1934–1951, Warren Giles 1951–1969, Chub Feeney 1970–1986, Bart Giamatti 1987–1989, Bill White 1989–1994, Leonard Coleman 1994–1999.

Kuanzia 2000 ligi zote mbili zinatumia mpira mmoja wenye jina la kamishna, mkuu wa ligi zote mbili: Selig kwanza, kisha Manfred tangu 2015.

Angalia pia mtengenezaji. Ligi ya American ilitumia mipira ya Reach na ya National ilitumia Spalding hadi katikati ya miaka ya 1970. Kuanzia 1977 zote ni Rawlings. Tazama na uzi. Kabla ya 1934 mpira wa American ulishonwa kwa uzi mwekundu na wa bluu, na wa National kwa mwekundu na mweusi. Baada ya hapo ni mwekundu mtupu. Kwa hiyo mpira wa Ligi ya American unaodaiwa kuwa na saini za timu ya New York Yankees ya 1927, ukiwa na uzi mwekundu peke yake, hauhitaji mtaalamu.

Sasa linganisha na tarehe za vifo. Gehrig alifariki Juni 1941, Ruth Agosti 1948, Ty Cobb Julai 1961, Jackie Robinson Oktoba 1972, Clemente Desemba 31, 1972, Mantle Agosti 1995, DiMaggio Machi 1999, Williams Julai 2002. DiMaggio kwenye mpira huo wa 2000 kwenda mbele wenye jina la Selig haiwezekani. Ruth kwenye mpira wa Cronin haiwezekani.

Clemente anahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu jina la Feeney lipo kwenye mipira ya Spalding na ya Rawlings pia. Feeney wa Spalding anawezekana, kwa ile misimu ya 1970 hadi 1972 tu. Feeney wa Rawlings ni wa 1977 kwenda mbele, na Clemente alikuwa ameshafariki kwenye ajali ya ndege.

6. Mpira ni wa kipindi sahihi kabisa. Basi saini ni halisi?

Hapana. Tarehe inaweza kuikataa saini, haiwezi kuithibitisha. Waghushi wazuri wanajua majina haya ya marais kuliko wanunuzi, na hununua mipira ya zamani isiyosainiwa, au yenye saini za wachezaji wasiojulikana ambazo huzifuta. Wengine huuzeesha mpira: katika Operation Bullpen ilibainika mipira ilipakwa shelaki (aina ya vanishi) na kuwekwa kwenye chakula kikavu cha mbwa ili ipate rangi na harufu ya ukale.

Mpira uliozeeka kwa njia ya asili haulingani pande zote. Upande uliokaa juu kwenye rafu umefifia, uliokaa chini una rangi nyingine, na sehemu zilizoshikwa na vidole zina weusi. Mpira wenye umanjano ule ule kila mahali, hadi ndani ya mashimo ya mshono, ulitumbukizwa kwenye kitu.

7. Mpira wangu si wa ligi rasmi, ni wa dukani. Je, hiyo ni dalili mbaya?

Si lazima. Watoto wengi walipeleka uwanjani mpira waliokuwa nao, na Ruth alisaini mipira ya aina zote. Utahitaji kuutafutia mpira huo kipindi chake kwa jina la mtengenezaji, na bei yake itakuwa chini ya mpira rasmi hata saini ikiwa kweli.

## Kalamu na wino

8. Kalamu inaweza kuniambia nini?

Inakwambia mwaka ambao saini haiwezi kuwa kabla yake. Bolpeni, ile ambayo wengi huiita biki, ilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Kabla ya hapo watu walitumia kalamu za wino zenye ncha ya chuma au penseli. Gehrig kwa bolpeni ni uongo. Ruth kwa bolpeni inawezekana, lakini ni kwa miaka yake michache ya mwisho tu, na mwandiko lazima uwe wa mgonjwa wa miaka hiyo, si wa Ruth wa 1925. Makapeni ya Sharpie ilitoka 1964, kwa hiyo Cobb kwa Sharpie ni kichekesho. Cobb alipenda wino wa kijani, jambo ambalo waghushi nao wanalijua vizuri.

9. Nitumie lenzi ya namna gani, na nitafute nini?

Lenzi ndogo ya kukuza mara 10, ile ya masonara, inatosha, pamoja na taa unayoweza kuilaza ubavuni mwa mpira.

Kwanza, tafuta mfereji. Bolpeni hubonyeza ngozi, na taa ya ubavuni huuonyesha mfereji huo. Saini ya bolpeni isiyo na mfereji wowote huenda imechapwa. Pili, tafuta vidoti vidogo vilivyopangika, ambavyo ni alama ya uchapaji wa kiwandani.

Tatu, na hii ndiyo tunayoiona ya maana kuliko zote kwenye mipira ya kabla ya vita, tazama mahali ambapo ufa wa ngozi unakutana na mstari wa wino. Saini ikiwa ya zamani, ufa ulikuja baadaye, kwa hiyo umeukata mstari: wino unasimama ukingoni, ndani ya ufa ngozi ni tupu, na ng'ambo ya pili wino unaendelea. Saini ikiwa mpya juu ya ngozi kuukuu, wino umetiririka ukaingia ndani ya ufa na kusambaa pembeni kama vijizizi. Tazama nyufa kadhaa, usitegemee mmoja.

10. Taa ya urujuanimno inasaidia?

Inasaidia hasa kwenye picha na karatasi. Karatasi nyingi za baada ya miaka ya 1940 hutiwa kemikali ya kuzidishia weupe, ambayo hung'aa bluu kali chini ya taa hiyo gizani. Picha ya "miaka ya 1930" inayong'aa hivyo imechapwa baadaye. Isiyong'aa haijathibitika, maana zipo karatasi za kisasa zisizo na kemikali hiyo.

Kwenye mpira, taa huonyesha mahali palipofutwa au kusuguliwa. Ukiona kivuli cha maneno ya zamani chini ya saini kubwa, kuna mtu aliusafisha mpira ili apate nafasi.

## Mwandiko

11. Nalinganishaje saini bila kuwa mtaalamu?

Kusanya angalau mifano 10 isiyo na shaka ya mchezaji huyo, ya kipindi kile kile, kutoka vyanzo kama mikataba, hundi, barua na kumbukumbu za nyumba kubwa za mnada. Mfano mmoja ni mtego, kwa sababu hakuna mtu anayesaini sawasawa mara mbili.

Usianze na umbo la herufi, maana hilo ndilo mghushi alilolifanyia mazoezi. Angalia mwendo. Mtu anayesaini jina lake haliwazi, kalamu inaanza kutembea kabla haijagusa na inaondoka ikiwa bado inatembea, kwa hiyo mistari ina mikia myembamba inayopotea. Anayeiga huenda polepole: mistari ina mtetemo, ncha zake ni butu, unene ni ule ule mwanzo hadi mwisho, na kalamu imeinuliwa mahali ambapo mwenyewe haiinui. Kisha pima ukubwa wa herufi kubwa dhidi ya ndogo, mteremko, na nafasi kati ya jina la kwanza na la pili. Geuza picha zote juu chini unapolinganisha. Jicho likishindwa kusoma jina, linaanza kuona maumbo.

Usisahau kwamba mpira ni wa mviringo na mdogo. Mkono halisi hujibana unapokaribia mshono.

12. Saini ya mchezaji wangu haifanani na mifano ya mtandaoni. Ni feki?

Huenda ni ya miaka mingine. Ruth aliweka alama za kunukuu kwenye "Babe" katika miaka yake ya mwanzo, kisha akaziacha. Mantle wa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ana saini ya kijana, ya kawaida. Mantle wa miaka ya 1980 ana zile M kubwa za mizunguko ambazo watu wengi wanazijua. Saini ya Mantle ya mizunguko kwenye mpira wa Harridge inataka maelezo: je, alipelekewa mpira wa zamani kwenye maonyesho? Inawezekana, lakini muuzaji asidai aliusaini 1956.

Sababu nyingine ni kwamba hakuisaini yeye. Vijana wa vyumba vya kubadilishia nguo waliwasainia wachezaji mipira ya timu kwa miaka mingi, na makatibu na wake walijibu barua za mashabiki. Mke wa Shoeless Joe Jackson alimsainia mumewe kwa sababu Jackson hakujua kusoma wala kuandika vizuri, na ndiyo maana saini yake mwenyewe ni adimu mno. Saini za namna hii si za kitapeli, zina umri sahihi, wino sahihi na hata historia ya kweli ya familia, lakini si za mchezaji. Ndizo zinazowaumiza warithi kuliko zote.

Kwa mpira wa timu nzima, soma majina yote dhidi ya orodha ya wachezaji wa msimu huo. Mchezaji aliyehamishwa Juni hawezi kukaa na aliyejiunga Agosti bila maelezo. Kisha uliza: majina 25 yanaonekana yameandikwa na mikono 25, au mteremko na uzito wa mkono ni ule ule?

## Kampuni, stika na mabishano

13. Nipeleke wapi kuhakikiwa?

Kampuni tatu zinazokubaliwa na nyumba kubwa za mnada ni PSA, JSA na Beckett. Zote ziko Marekani na unaweza kutuma kitu kwa posta. Ada hupangwa kwa jina la mchezaji, Ruth akigharimu mara nyingi zaidi ya mchezaji wa leo. Ipo huduma nafuu ya maoni kwa picha za mtandaoni; itumie kuchuja kabla ya kununua, lakini si hukumu ya mwisho, kwa sababu picha haionyeshi mfereji wala nyufa za swali la 9.

Kabla ya kutuma, piga picha pande zote sita, weka bima ya posta ya thamani kamili, na usisafishe chochote.

14. Mpira una hologramu (stika ya kung'aa yenye namba) ya Major League Baseball, yaani ligi kuu yenyewe. Nimemaliza?

Karibu, lakini soma namba. Mpango huu ulianza 2001, kama matokeo ya yale ya swali la 2. Wahakiki wake ni askari wa sasa au wastaafu, wapo uwanjani kwenye kila mechi, na hubandika stika kwa kile walichokiona kwa macho yao. Ingiza namba kwenye tovuti ya ligi usome maelezo yake.

Hapa ndipo watu wanapoibiwa. Hologramu inaweza kusema mpira ulitumika kwenye mechi fulani, isiseme neno kuhusu saini. Mtu akinunua mpira huo wa mechi, akaghushi saini juu yake, stika bado ni halisi na namba bado inapatikana. Maelezo ya tovuti lazima yataje saini yenyewe. Pia linganisha aina ya kitu: namba ya kadi ikibandikwa kwenye mpira, stika imenakiliwa.

15. Kampuni moja imekubali, nyingine imekataa. Nifanye nini?

Soma kwanza neno lililotumika. Kushindwa kutoa maoni si kukataa. Mara nyingi ni wino uliofifia au mifano michache. Kama ni kukataa kweli, waombe sababu, kisha peleka kwa ya tatu bila kuwaambia majibu ya zile mbili. Ukiuza, mweleze mnunuzi yote. Kwa bei, saini yenye ubishi huuzwa kama yenye ubishi, hata ukiwa na hakika nayo moyoni.

## Kununua na hali zisizo za kawaida

16. Nimuulize nini muuzaji?

Ulipatikana wapi, lini, kwa nani, na nini kinachoonyesha hivyo. Hadithi ya babu aliyekuwa rafiki wa mchezaji haina uzito bila picha, barua au tiketi. Omba picha mpya ya saini kwa mwanga wa ubavuni, na haki ya kurudisha kitu kikikataliwa na moja ya kampuni za swali la 13, kwa maandishi. Muuzaji mwaminifu hukubali. Anayekuharakisha, au mwenye Ruth watatu kwa wiki, mwache.

17. Mpira umeandikwa "To Bob". Unapunguza thamani?

Unapunguza bei, lakini unaongeza imani. Mghushi hapendi kuandika jina la mtu, kwa sababu kila neno la ziada ni nafasi ya kukosea na mnunuzi anapungua. Kwa mtunzaji asiye na fedha nyingi, hapa ndipo pa kununulia. Usithubutu kulifuta jina hilo (tazama swali la 10).

18. Nina mpira uliosainiwa na wachezaji wa Uganda. Nani atauhakiki?

Timu ya Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012. Saini za vijana kama hao hazina mifano ya kulinganisha, kwa hiyo mwandiko hausaidii na kampuni kubwa hazitakuwa na la kusema. Kinachobaki ni ushahidi wa siku yenyewe: picha au video ya kusainiwa, tarehe, jina la mashindano, na maandishi ya kocha. Kama bado unaweza kuwapata wachezaji hao au kocha wao, fanya hivyo sasa. Waulize, waandike, uyahifadhi maandishi hayo pamoja na mpira.

19. Nimegundua nilichonunua ni cha kughushi. Naweza kukiuza tena kama mapambo?

Usikiuze kama saini kwa namna yoyote. Ukijua ni feki na ukakiuza kama halisi, wewe ndiye tapeli. Weka kila kitu: bahasha, risiti, ujumbe, barua ya kukataliwa. Dai pesa kwa muuzaji kwa maandishi, kisha kwa benki au kampuni ya kadi uliyolipia, kwa sababu zina ukomo wa siku. Ukishalipwa na ukaruhusiwa kubaki nacho, andika neno "feki" kwa wino usiofutika pembeni mwa saini. Mpira usio na alama hurudi sokoni siku mwenye nao akifa.

20. Nitunzeje saini halisi?

Kwenye boksi la plastiki linalozuia mionzi ya jua, mbali na dirisha na taa kali, mahali pakavu. Ushike mpira kwa mshono, si kwa ngozi. Usipake vanishi wala shelaki: zamani watu walifanya hivyo kuhifadhi wino, na leo mipira hiyo imekuwa ya kahawia na saini hazisomeki. Wino ukififia, uache. Saini iliyopitiwa upya na kalamu ya mtu mwingine haihesabiki tena kuwa ya mchezaji, na wahakiki huiona mara moja chini ya lenzi.